Land Rover Series III: taa ya betri inarudi kuwaka hafifu kila nikiwasha taa kubwa

Ngarangara109

Habari zenu wakuu. Naomba tusaidiane kwenye hili kabla sijaenda kununua kifaa.

Gari ni Land Rover Series III, 109, petroli ya lita 2.25, ya mwaka 1976. Alternata (kifaa kinachozalisha umeme injini ikizunguka) ni Lucas 16ACR, ile yenye plagi moja nyuma. Shida ni taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi. Nikifungua swichi bila kuwasha injini, inawaka vizuri kabisa. Nikishawasha, inafifia lakini haizimiki pale pale. Inabaki na wekundu mdogo kwa dakika chache ndipo inapotea, na mchana huwezi kuuona mpaka uzibe mwanga kwa kiganja. Usiku nikiwasha taa kubwa inarudi. Nikiongeza waipa na feni ya hita, inazidi. Kukanyaga mafuta hakusaidii, na nimeangalia kwa makini: nikikanyaga ndiyo inakolea kidogo.

Betri inapiga stata bila kusita. Mkanda ni mpya, haulii. Fundi aliyeliangalia amesema alternata imekwisha, nitafute nyingine. Gari hili lilikuwa la baba, na vitu vyake vingi ni vile vile lilivyotoka navyo kiwandani. Sitaki kung'oa kitu kisicho na kosa. Multimita ninayo na kuitumia kwa mambo ya kawaida najua. Nianzie wapi?

Fundi Waya

Karibu mkuu. Umeeleza dalili vizuri kuliko wengi, na dalili hizo zina mengi ndani yake. Alternata iache kwanza ilipo.

Watu wengi hudhani taa hii inapima betri. Haipimi betri. Ni balbu iliyofungwa katikati ya sehemu mbili za umeme. Upande mmoja unakuja waya mweupe kutoka swichi ya funguo. Upande wa pili unatoka waya wa kahawia wenye mstari wa njano, unaokwenda hadi pini ndogo ya alternata iliyoandikwa IND. Balbu inawaka pale tu volti za pande hizo mbili zinapopishana. Zikiwa sawa, hata zikiwa 14 kwa 14, inazimika.

Injini ikiwa imelala na swichi imefunguliwa, upande wa swichi una volti 12 na upande wa alternata uko karibu na sifuri. Taa inawaka kwa nguvu zake zote. Umeme huo unaopita kwenye balbu, kama ampea 0.18 kwa balbu ya wati 2.2, ndio unaoingia kwenye rota, sehemu ya alternata inayozunguka, na kuifanya iwe sumaku. Injini ikishazunguka, diodi tatu ndogo ndani ya alternata (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zinachukua kazi ya kuilisha rota, na hapo hapo zinaipandisha pini ya IND hadi kama volti 14. Pande mbili zinalingana, taa inazimika.

Sasa rudi kwenye dalili zako. Taa ni hafifu, kwa hiyo tofauti ya pande mbili ni ndogo, volti mbili hivi. Inazidi mzigo ukizidi. Inaonekana mara tu baada ya kuwasha, wakati alternata inarudishia betri umeme ulioliwa na stata, halafu inapotea betri ikishatosheka. Na ukikanyaga mafuta, alternata ikatoa zaidi, inakolea. Yote manne yanasema kitu kimoja: alternata inazalisha, ila umeme unazuiwa njiani kabla haujafika kwenye betri. Mkanda unaoteleza ungekupa taa kali, na kukanyaga mafuta kungeibadilisha sana. Diodi iliyokufa huleta wekundu usiojali sana kama taa kubwa zimewashwa au zimezimwa.

Hayo ni maelezo tu, multimita ndiyo itakayoamua. Pima betri asubuhi kabla hujagusa gari; ikiwa imejaa na imepumzika itakuwa karibu na 12.6. Washa, kanyaga mafuta kidogo tu, pima tena kwenye betri bila mzigo wowote. Kisha washa taa kubwa, waipa na feni ya hita, pima tena. Baada ya hapo weka multimita kwenye AC (umeme wa kwenda na kurudi) na upime hapo hapo kwenye betri, mizigo ikiwa imewashwa. Diodi zikiwa nzima utaona sehemu ndogo sana ya volti. Ukikuta inafika nusu volti ya AC au zaidi, hapo nitakubaliana na fundi wako.

Mzee Spana

Mnamsumbua kijana na namba. Awashe gari, atoe terminali ya betri. Gari likizima, alternata mbovu. Likiendelea, nzima. Dakika moja kazi imeisha.

Fundi Waya

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, hili naomba asilifanye, na yeyote anayesoma hapa asilifanye.

Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari zima. Alternata ikiwa inasukuma ampea 20 kwenda kwenye betri, halafu ukaing'oa terminali ghafla, rota bado ni sumaku kali na regyuleta, kidhibiti cha volti, haiwezi kuipunguza papo hapo. Kwa muda mfupi sana volti zinaruka hadi makumi. Diodi na regyuleta ndizo zinazopokea pigo hilo, na kwenye gari lenye redio au ignisheni ya elektroniki, navyo vinapigwa. Unaweza kuwa na alternata nzima kabla ya kupima na mbovu baada ya kupima.

Na hata likiendelea kunguruma, hujajifunza kitu. Koili ya ignisheni ya gari kama hili inakula ampea tatu au nne tu. Alternata iliyopoteza diodi moja inaweza kuilisha koili hiyo bila shida, na bado ikashindwa kujaza betri usiku na taa zimewashwa.

Chuma Kikongwe

Mimi nilidhani dawa ni kutoa hiyo balbu tu kama betri inajaa. Taa hafifu inaudhi usiku.

Fundi Waya

Usiitoe, mkuu. Bila balbu hakuna umeme wa kuiamsha rota. Alternata za aina hii zinaweza kujiamsha zenyewe kwa usumaku mdogo uliobaki kwenye chuma, lakini mara nyingi mpaka injini ikimbie sana, na nyingine haziamki kabisa. Utaendesha mjini kwa mwendo mdogo huku betri inaliwa, na hutakuwa na taa ya kukwambia. Gari la zamani lenye geji chache kwenye dashibodi linaitegemea sana taa hii.

Mama Kobe

Naomba niongeze jambo kwa ajili ya wenye Volkswagen Beetle watakaosoma uzi huu, maana kwetu taa nyekundu ina maana nzito zaidi.

Kwenye injini ya Beetle, feni ya kupoza imefungwa kwenye mhimili ule ule wa dinamo, mtambo wa zamani wa kuzalisha umeme. Mkanda mmoja unazungusha vyote viwili. Injini ile haina maji, hewa ya feni ndiyo inayoipoza. Kwa hiyo ukiwa barabarani na taa nyekundu ikawaka ghafla, usiseme nitafika tu kwa umeme uliobaki kwenye betri. Mkanda unaweza kuwa umekatika, na injini haipati hewa. Simama pembeni, zima, fungua nyuma uangalie. Mkanda ukiwa mzima, hapo ndipo unaweza kuanza kufikiria mambo ya umeme.

Lakini kwa Beetle yenye dinamo, taa ikipepesa kidogo injini ikiwa inanguruma polepole, kisha ikazimika ukigusa mafuta, hiyo ni tabia ya dinamo. Kwa mzunguko mdogo haitoi cha maana. Usihangaike nayo.

Fundi Waya

Asante dada, umesema la msingi. Hata kwenye Series III mkanda huo mmoja unazungusha alternata pamoja na pampu ya maji na feni. Taa ikiwaka kali ghafla na mshale wa joto ukaanza kupanda, angalia mkanda kabla ya kingine chochote. Ya mwenye uzi ni tofauti kwa sababu taa yake ni hafifu na mkanda ameuona.

Ngarangara109

Mrejesho wa kwanza. Asubuhi kabla ya kuwasha: 12.5. Imewashwa, mafuta yamekanyagwa kidogo, hakuna mzigo: 13.7 kwenye betri. Taa kubwa, waipa na feni ya hita: imeshuka hadi 12.6 na taa nyekundu ikaonekana wazi. AC kwenye betri, mizigo ikiwa imewashwa: 0.04.

Nimeona 12.6 gari likiwa linafanya kazi, nikaogopa. Hiyo si sawa na betri iliyolala?

Fundi Waya

Ni sawa na betri iliyolala, na ndiyo maana ni tatizo. Inatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.4, na hata ukiweka mizigo isishuke chini ya 13 na kitu. Maana yake usiku gari lako linaendeshwa bila betri kuongezewa chochote. Bado inapiga stata kwa sababu unaendesha sana mchana.

Lakini ona hiyo 0.04 ya AC. Diodi zako ziko salama. Sasa tutafute volti zinapotelea wapi. Njia rahisi ni kuiweka multimita ipime upotevu wenyewe, badala ya kupima hapa na pale kisha kutoa. Ncha moja kwenye nguzo chanya ya betri, ncha nyingine kwenye pini pana ya kutolea umeme ya alternata, injini inazunguka, mizigo yote imewashwa. Kati ya hapo na hapo kuna waya na viungo tu, kwa hiyo unatakiwa usome 0.2 au 0.3, si zaidi. Halafu fanya hivyo hivyo upande hasi: ncha moja kwenye bodi la alternata (ganda lake la chuma), nyingine kwenye nguzo hasi ya betri. Huko usivuke 0.2.

Tahadhari moja ambayo wengi wanaipita. Plagi ya 16ACR ina sehemu mbili zinazokutana: pini bapa ya alternata yenyewe, na pini ya bati iliyobanwa kwenye waya, ambayo inaivaa ile bapa. Ukichomeka ncha ya multimita kwa nyuma ya plagi, unagusa upande wa waya. Kama kosa liko kwenye mgusano wa hizo mbili, utakuwa umelipita bila kuliona. Fungua kifuniko cha plastiki cha nyuma ya alternata injini ikiwa imezimwa, tafuta mahali utakapogusa bapa yenyewe, panga nyaya za multimita mbali na mkanda na feni, ndipo uwashe. Usivae shati la mikono mirefu inayoning'inia wala kitu chochote shingoni.

Mwisho, pima pia kutoka nguzo chanya ya betri hadi waya mweupe kwenye kisanduku cha fyuzi. Huo ndio upande wa pili wa balbu. Swichi ya funguo iliyochoka inaweza kupoteza volti na kuleta wekundu huo huo hata kama njia ya kuchaji ni safi.

Dizeli Tupu

Niulize hapo. Kama swichi ndiyo inayopoteza volti, taa itawaka ingawa betri inajaa vizuri?

Fundi Waya

Ndiyo kabisa. Tuseme betri ina 14.1 na IND ina 14.2, kila kitu kizuri. Lakini waya mweupe, baada ya kupita kwenye swichi yenye kutu ndani, una 12.2. Balbu inaona tofauti ya volti 2, inawaka hafifu, na umeme unapita kinyume, kutoka alternata kwenda upande wa swichi. Balbu ya kawaida haijali umeme unatoka upande gani. Watu wamebadilisha alternata nzima mara mbili mbili kwa sababu ya swichi ya funguo.

Ngarangara109

Mrejesho wa pili, na hapa naanza kuelewa mchezo wenyewe.

Mizigo yote ikiwa imewashwa: nguzo chanya hadi bapa ya alternata, 1.6. Bodi la alternata hadi nguzo hasi, 0.06. Nguzo chanya hadi waya mweupe kwenye fyuzi, 0.3. Kwa hesabu yangu balbu inaona 1.6 ikijumlishwa na 0.3, yaani 1.9. Ndiyo wekundu ninaouona?

Fundi Waya

Ndiyo. Na nimefurahi umejumlisha mwenyewe. Upande hasi uko safi, kebo ya ardhi usiiguse. Hiyo 0.3 ya swichi kwa gari la umri huu si mbaya, tuiache. Mwizi ni ile 1.6.

Sasa igawe njia vipande. Waya mnene wa kahawia unatoka kwenye plagi hadi solenoidi ya stata (swichi kubwa ya umeme wa stata), pale pale kebo kubwa ya betri inapofungwa. Pima kutoka bapa ya alternata hadi pini ya waya nyuma ya plagi. Kisha kutoka pini hiyo hadi nati ya solenoidi. Kisha kutoka nati hadi nguzo ya betri. Vipande vitatu, na jumla yao lazima irudi karibu na 1.6.

Mzee Spana

Mimi nimesoma yote na nimekuelewa, Fundi Waya. Terminali sitang'oa tena gari likiwa linawaka.

Kijana, nikuongezee lisilohitaji multimita. Endesha usiku taa kubwa zikiwa zimewashwa, rudi, zima injini, na kabla haijapoa sogeza mkono kwenye kila kiungo cha waya huo mnene. Usikamate kwa nguvu, sogeza tu, kwa sababu kiungo kibovu kinaweza kukuunguza. Umeme unaopotea haupotei bure, unageuka joto. Kiungo kizima hakina joto la kukizidi chuma kilicho jirani yake. Na nusa. Plastiki iliyopikwa ina harufu yake, ukishaijua huisahau.

Fundi Waya

Asante mzee, hiyo ni elimu ya mkononi. Na hesabu inamuunga mkono: taa kubwa, waipa na feni ya hita, pamoja na ignisheni, vinafika kama ampea 18. Zidisha kwa 1.6, unapata karibu wati 29 za joto. Nyingi zake huenda zimekusanyika mahali padogo kama ncha ya kidole.

Ngarangara109

Wakuu, mzee alikuwa sahihi kabla hata sijatoa multimita. Nimezunguka na gari jana usiku, nikazima, nikasogeza mkono. Nati ya solenoidi ni ya kawaida. Waya mnene una vuguvugu karibu na alternata tu. Plagi yenyewe sikuweza kuishika.

Leo nimepima vipande: bapa hadi pini ya waya, 1.4. Pini hadi nati, 0.15. Nati hadi nguzo, 0.05. Jumla 1.6.

Nimeondoa kebo hasi ya betri, nikaichomoa plagi. Plastiki yake ilikuwa nyeusi zamani, sasa upande wa waya mnene imekuwa ya kahawia na ina ufa. Ile pini ya bati iliyotakiwa kuibana bapa imepanuka midomo, ukiivalisha inacheza. Ndani ina tabaka la kijivu lisilong'aa. Waya wa shaba, kwa urefu wa kidole hivi kutoka kwenye pini, umekuwa mweusi na mgumu, ukiukunja unasikia unavunjikavunjika ndani ya ganda. Bapa ya alternata ina madoa lakini ni nzima.

Na alternata yangu, iliyotakiwa kutupwa, ilikuwa inatoa volti 14.2 muda wote.

Fundi Waya

Hapo ndipo penyewe. Umefanya vema kuondoa kebo hasi kwanza, maana ule waya wa kahawia hauna fyuzi na una umeme wa betri hata funguo ikiwa mfukoni. Waya huo ukigusa chuma utaungua wote.

Matengenezo sasa. Kata waya hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, hata kama ni kirefu, kisha uunge kipande kipya chenye unene ule ule au zaidi. Usitie lehemu kwenye waya uliokuwa mweusi, haishiki. Nunua ganda jipya la plagi na pini mpya, na zibanwe kwa koleo la kubania lenye saizi yake. Koleo la kawaida litaziponda na utarudi hapa hapa. Bapa ya alternata isugue kwa msasa laini hadi ing'ae, bila kuitikisa, kwa sababu kwa ndani imeshikamana na bodi la diodi, yaani kibao kinachobeba diodi. Kabla ya kuvalisha, hakikisha pini mpya inaingia kwa kulazimishwa kidogo. Ikiingia kirahisi, haifai.

16ACR ina bapa pana mbili nyuma. Kama multimita ikikuonyesha kuwa zimeungana ndani, unaweza kutoa waya wa pili kwenye hiyo nyingine hadi solenoidi, mzigo ukagawanyika. Alternata hiyo uwezo wake ni ampea 34, na usiku unatumia zaidi ya nusu. Plagi mbili zinazogawana kazi zitadumu zaidi ya moja.

Taa Mpya

Samahani mwenye uzi, nadandia kidogo kwa sababu yangu inafanana. Sedani ya 1978, nimebadilisha balbu zote za dashibodi kuweka za LED. Tangu hapo taa ya betri haiwaki nikifungua swichi, na asubuhi gari halichaji mpaka nilikanyage sana mafuta mara moja, kisha linachaji siku nzima. Alternata imeanza kufa?

Fundi Waya

Haijaanza kufa, imekosa wa kuiamsha. Rudi juu nilipoeleza kazi ya balbu. Balbu ya zamani ya wati 2.2 ilikuwa inapitisha kama ampea 0.18 kuingia kwenye rota. LED inapitisha sehemu ndogo tu ya hizo, na nyingine zinapitisha upande mmoja peke yake, kwa hiyo ukiivalisha kinyume haiwaki kabisa. Rota haipati usumaku, na alternata inasubiri mpaka mzunguko mkubwa uikoroge ndipo ijiamshe.

Rudisha balbu ya kawaida kwenye tundu hilo moja, nyingine zote zibaki LED. Ukitaka LED hapo pia, funga rezista ya omu 68, ya wati 5, sambamba na LED. Isiwe ya wati ndogo, kwa sababu kila ukifungua swichi bila kuwasha inabeba wati 2 na kitu na inapata moto. Ifunge mahali isipogusa plastiki.

Taa Mpya

Nimerudisha balbu ya kawaida. Taa imewaka, na injini iliposhika tu ikazimika. Nashukuru sana.

Ngarangara109

Mrejesho wa mwisho wa kwangu. Nimekata waya hadi kwenye shaba safi, nimefunga plagi mpya, na bapa zote mbili zinatumika, kila moja na waya wake hadi solenoidi. Vipimo, taa kubwa, waipa na feni zikiwa zimewashwa: bapa hadi nguzo chanya, 0.12. Volti kwenye betri, 14.0. Bila mzigo, 14.2. Taa nyekundu imezimika kabisa. Nimezima gari ndani ya banda, giza tupu, nikawasha tena na kuziba dashibodi kwa koti. Hakuna hata chembe ya wekundu. Taa kubwa zenyewe zimekuwa nyeupe, sikujua kwamba zilikuwa za njano kwa sababu hiyo hiyo. Plagi baada ya safari ya usiku naishika kwa mkono mzima.

Fundi Waya, Mzee Spana, asanteni mno. Alternata ya baba imebaki mahali pake.

Kipikapu

Hongera mkuu. Fundi Waya, naomba na mimi kabla hujaondoka. Pikapu ya 1982. Yangu inawaka hafifu funguo ikiwa imetolewa kabisa. Gari limezimwa, nimeshuka, taa nyekundu naiona kupitia kioo. Asubuhi betri haina kitu.

Fundi Waya

Hii ni nyingine kabisa, na usilale leo bila kuishughulikia. Ondoa kebo hasi ya betri sasa hivi.

Kabla hujaiondoa, kama gari limelala kwa saa kadhaa, weka kiganja juu ya alternata. Ikiwa ina vuguvugu wakati injini yote ni baridi, jibu umelipata: diodi moja kubwa ya upande chanya imepiga shoti. Kazi ya diodi ni kuruhusu umeme utoke alternata kwenda betri na kuuzuia usirudi. Hiyo moja haizuii tena. Umeme wa betri unarudi ndani, unapita kwenye koili za alternata, unatokea kwenye diodi ndogo hadi rota, na rota inapata moto usiku kucha. Sehemu ndogo ya umeme huo inapita kwenye balbu yako kwa mlango wa nyuma, ndiyo unayoiona.

Ukiishusha alternata na kufungua bodi la diodi, weka multimita kwenye alama ya diodi. Kila moja lazima isome kati ya 0.4 na 0.7 upande mmoja, na isisome chochote ukigeuza ncha. Iliyopiga shoti itasoma sifuri au karibu na sifuri pande zote mbili. Ipime ikiwa imeachanishwa na koili, la sivyo nzima zitaonekana mbovu kwa sababu koili zinaziunganisha zote.

Kipikapu

Nimegusa. Ina moto kweli, na gari halijawashwa tangu jana. Nimeondoa kebo. Bodi la diodi ninaweza kulibadilisha mwenyewe, au nikanunue alternata nzima?

Fundi Waya

Kama beringi hazilii na yale makaa mawili yanayoipelekea rota umeme yana urefu wa kutosha, badilisha bodi peke yake. Andika au piga picha mpangilio wa nyaya tatu za koili kabla ya kuzitoa. Unapozilehemu kwenye bodi jipya, kamata mguu wa diodi kwa koleo jembamba, katikati ya lehemu na diodi yenyewe, ili moto uishie kwenye koleo. Chuma cha kulehemu kiwe cha moto kweli na ukae kwa muda mfupi. Kikiwa dhaifu utashikilia muda mrefu na kuipika diodi mpya. Ukimaliza, zipime zote tena kabla ya kufunga kifuniko.